Nusu Iliyoliwa na Msuguano

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mitihani, mgeni wetu rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu mnaofundisha na ninyi mliokwisha kutua mzigo, shemeji yangu, mume wa mstaafu, pamoja na watoto na wajukuu, wazazi wetu, wanafunzi mliopata viti, na ninyi mliokosa viti mkaamua kuning'inia madirishani: nawasalimu kwa heshima zote, kila mmoja kwa nafasi yake, na niliyemsahau ajue kasahauliwa na karatasi yangu, si na moyo wangu.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi. Alipokuwa akinipa alinitazama kwa mashaka, maana anajua mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu hata akiulizwa saa huanza kwa kusema, "Tuchukulie kwamba..." Nitajitahidi. Nikizidisha anivute koti, lakini avute taratibu, kwa sababu koti lenyewe ni la mdogo wangu.

Tumekusanyika kumuaga mwalimu wa fizikia wa vidato vya juu. Meza yake na yangu zimetazamana katika ofisi ya walimu tangu sote wawili tukiwa na nywele nyeusi na magoti yasiyolalamika. Nimekula chakula chake cha mchana mara nyingi kuliko shemeji hapo mbele anavyojua, na yeye amezisahihisha barua zangu za kuomba ruhusa kwa kalamu nyekundu, akanirudishia nikiwa tayari nimeshazisaini. Si mke wangu, si dada yangu wa tumbo moja, lakini akikohoa katika ukumbi uliojaa watu namtambua. Kwa hiyo nitakayoyasema juu yake yachukueni kama maneno ya shahidi, si ya mpiga debe.

Wanafunzi wanamwita Mama Msuguano. Msidhani hajui. Anajua, na nadhani kimoyomoyo anafurahi. Jina hilo lina asili mbili. Ya kwanza ni kwamba kumsogeza katika jambo asilolikubali ni sawa na kuburuza gunia la mahindi kwenye sakafu ya saruji. Ya pili ni kwamba vitabu vingi, mwishoni mwa swali, huandika "puuza msuguano", kwa huruma tu, ili mtoto amalize mapema akalale. Na yeye maneno hayo huyakata kwa kalamu. Ukimwuliza sababu hujibu, "Nionyesheni mahali duniani ambapo msuguano umekubali kupuuzwa, nitahamia huko."

Siku moja nilikuwa nasukuma kabati la vitabu pale ofisini. Jasho linatiririka, nasukuma na kuguna, yeye amekaa anasahihisha. Nikamwambia, "Mwenzio nafanya kazi hapa, hata kunisaidia?" Hakuinua kichwa. "Kabati limesogea?" Nikasema bado. "Basi kazi uliyofanya ni sifuri, Mwalimu. Umechoka tu." Walimu wakacheka mpaka mwalimu wa jiografia akamwaga chai. Lakini alipomaliza daftari lililokuwa mbele yake aliinuka, akainama, akachomoa kipande cha mbao kilichobanwa chini ya mguu wa kabati, akarudi kukaa. Nikasukuma kwa mkono mmoja, likaenda. Ndivyo alivyo huyu mama: atakukera kwanza, halafu atakuondolea kikwazo, na wala hatangoja umshukuru.

Sasa niwaambie anavyofundisha, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea. Katika yale maswali magumu ya kazi, nishati na uwezo wa mashine, mwanafunzi akiliona swali hukimbilia kanuni, kama mtu anayeingia jikoni akashika mwiko kabla hajauliza kunapikwa nini. Kwake mwiko haushikwi hivyo. Kalamu chini, kitabu kimefungwa, unasimama, unajibu maswali matatu kwa maneno ya kawaida: Nishati imetoka wapi? Imekwenda wapi? Njiani imeliwa na nani? Lori lenye mzigo linapanda mlima, injini inanguruma kwa uwezo wake wote, lakini mwendo hauongezeki hata kidogo; je, kazi yote hiyo ya injini inakwenda wapi? Usipomweleza kwamba sehemu imekwenda kwenye kimo ambacho lori linapanda, na sehemu imeliwa na barabara na upepo, huandiki hata namba moja. Ukishamweleza, maelezo hayo unayaandika juu ya karatasi kwa sentensi kamili, ndipo kanuni zinafuata. Mliopita mikononi mwake mnayajua haya. Hata nilipotaja maswali yale sasa hivi, nimeona midomo ya watu wazima huko nyuma ikimalizia la tatu.

Kamati ya kumuaga ilikaa kutafuta zawadi. Mmoja akasema makochi, mwingine akasema jokofu, Mkuu wa Shule akasema tumwulize mwenyewe. Nikatumwa mimi. Nikamkuta anafunga vitabu vyake kwa kamba. Nikamwambia, "Dada, watu wanataka kukupa kitu. Unataka nini?"

Akasema, "Makochi ninayo. Jokofu ninalo. Nataka lile darasa lisafishwe jina."

Akakaza fundo, akaongeza, "Hadharani. Kama lilivyochafuliwa."

Wapo humu wasiojua ni darasa gani. Hilo ndilo lililonisimamisha, na Mheshimiwa Mkurugenzi atanivumilia, kwa sababu yeye mwenyewe yumo katika habari hii. Yumo mahali pagumu, na yumo mahali pazuri pia. Nitapataja pote pawili.

Mwaka ule kulikuwa na mtihani mmoja wa majaribio kwa shule zote za eneo letu, uliotungwa na jopo la wataalamu. Mwenyekiti wa jopo alikuwa ni huyu Mheshimiwa, enzi hizo bado mwembamba, aniwie radhi. Swali la mwisho la fizikia, lililokuwa zito kuliko yote, lilikuwa hivi: mchanga unamwagika kutoka juu, kilo hamsini kila sekunde, unadondokea juu ya mkanda wa mashine ya kubebea mizigo, na mkanda unakwenda mita mbili kila sekunde. Ili mkanda usipunguze mwendo kwa sababu ya mchanga huo, mota inatakiwa iongeze wati ngapi?

Mwongozo wa kusahihisha ulisema wati mia moja. Na mtu akiangalia haraka, mia moja ndiyo inayokuja: chukua nishati ya mwendo ambayo mchanga unaipata kila sekunde, hiyo hapo, umemaliza, nenda kacheze mpira. Shule nyingine ziliandika mia moja, au ziliandika vituko. Darasa la Mama Msuguano peke yake, kuanzia kinara wao mpaka mkia wao, liliandika mia mbili. Wala si jibu tu. Juu ya kila karatasi palikuwa na sentensi moja, karibu neno kwa neno: nishati imetoka kwenye mota, nusu imekwenda kwenye mwendo wa mchanga, nusu imeliwa njiani na msuguano.

Je, msahihishaji angefikiri nini? Naomba tumtendee haki. Karatasi za darasa zima, jibu moja lisilofanana na mwongozo, tena kwa maneno yale yale. Wewe ungekuwa na kalamu nyekundu mkononi ungesema wameoteshwa ndoto moja? Ungesema wameibiana. Nao wakasema wameibiana, au mwalimu wao amewaandikia ubaoni.

Siku ya wazazi, katika ukumbi huu huu, mbele ya baba zao na mama zao, Mwenyekiti wa jopo alisimama akasoma matokeo ya shule. Alipofika kwenye fizikia akasema matokeo ya darasa hili yamezuiliwa kwa wizi wa mtihani, na kwamba wizi huo ukithibitika, darasa zima halitafanya mtihani wa mwisho. Neno hilo alilisema kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nimekaa pale, karibu na mlango. Baba mmoja, fundi cherehani, mtu wa watu, aliinuka kitini, akavaa kofia yake, akapita mbele yangu akatoka bila kumngoja mwanawe. Nilitaka kumwambia kitu. Nikampisha tu.

Watu wakasema lisemwalo lipo. Sokoni, kwenye foleni ya maji, kwenye kiwanja cha mpira, likaitwa darasa la wezi. Wanafunzi wa shule jirani wakipita nje ya uzio wetu walijifanya wanaficha kalamu zao mifukoni, kwa mzaha. Mzaha wenyewe ulichekesha, ndiyo maana ulidumu.

Wiki iliyofuata jopo likaja kuchunguza. Likakaa katika ofisi ya Mkuu wa Shule wa wakati ule, na mimi nikawekwa kwenye kona nihakiki namba. Mkuu alikuwa amekwisha kumshauri Mama Msuguano tangu asubuhi: akubali kwamba usimamizi ulilegea, watoto wapewe mtihani mwingine, yaishe. "Heri nusu shari kuliko shari kamili, Mwalimu." Yeye akamjibu, "Nikikubali nitakuwa nimesema wameiba. Hawakuiba." Mkuu akasema, "Unabishana na mwongozo!" Akasema, "Nabishana na jibu." Akaingia kwenye kikao moja kwa moja kutoka darasani, dasta ya ubao bado iko mkononi, unga wa chaki mpaka kwenye viwiko.

Hakujitetea. Aliwaambia jopo, "Waiteni mmoja mmoja. Wapeni maswali mtakayoyatunga hapa hapa, ambayo hata mimi sijayaona. Mimi nitakaa pale, sitafungua mdomo." Mwenyekiti akakubali, na kwa hilo nampa sifa, kwani angeweza kukataa na hakuna ambaye angemlaumu.

Wakaanza kuingia. Mmoja alipewa pampu inayovuta maji kisimani na kuyarusha nje kwa kasi. Mwingine alipewa sanduku linaloshuka kwenye mteremko unaokwaruza. Mwingine alipewa lori linalopanda mlima likiwa limepunguziwa mzigo, litafika mwendo gani. Na kila aliyeingia aliweka kalamu chini, akasimama wima, akaanza: imetoka wapi, imekwenda wapi, njiani imeliwa na nani. Mwanzoni wajumbe walitazamana. Baadaye walianza kusikiliza. Walipofika nusu ya darasa, mjumbe mmoja alikuwa anamalizia swali la tatu pamoja na watoto bila kujijua, na Mwenyekiti akamkanyaga mguu chini ya meza.

Wa mwisho akaingia kijana waliyemwita Breki. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mzito wa kuanza na mzito wa kumaliza. Ukimwuliza swali leo, jibu lake lilikuja keshokutwa, na lilikuja limenyooka. Huyu ndiye mtoto wa yule fundi cherehani. Akapewa swali la mzigo unaodondokea springi: springi itabonyea kiasi gani? Maswali matatu akayajibu vizuri. Mlinganyo akauandika vizuri. Ukatokea kuwa mlinganyo wa kipeo cha pili. Akauangalia. Na sisi tukauangalia. Akasema, "Hapa nimekwama. Sijui kuutatua." Ndugu zangu, hapo aliyekwama hakuwa mwanafunzi wa fizikia. Alikuwa mwanafunzi wangu mimi, na dada yangu huyu alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka najikuna shingo.

Mwenyekiti akafunga faili. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba wengine wamejitetea ila huyu hajui. Na kama hajui, jibu lile alilitoa wapi? Basi kalitoa kwa mwenzake, na mwenzake kamsaidia. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza," akasema. Halafu akafungua mlango wa kutokea: jina la Breki libaki peke yake kwenye taarifa, yeye ndiye afutiwe, wengine waachwe wafanye mtihani wao. Mkuu wa Shule akashusha pumzi. Mtoto mwenyewe alikuwa bado amesimama mbele yetu, anasikia kila neno. Akasema, "Sawa. Andikeni mimi."

Mama Msuguano akamwambia, "Nyamaza, hujaulizwa." Kisha akamgeukia Mwenyekiti. "Unasema samaki ameoza. Umemnusa? Tangu asubuhi mmeuliza pampu, masanduku na springi. Hakuna hata mtoto mmoja aliyeulizwa mchanga. Swali mnalosema ameliiba ni la mchanga. Mwulizeni hilo."

Ni kweli. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Mwenyekiti akafungua tena faili, akasema, "Haya, kijana. Kwa nini mia mbili?"

Breki akaomba gazeti lililokuwa mezani. Akaomba na dasta ya mwalimu wake. Akalitandaza gazeti, akamwambia Mwenyekiti wa jopo, "Mzee, naomba ulivute hili. Taratibu, mwendo mmoja, usisimame." Mheshimiwa akavuta. Kijana akaiachia dasta juu ya gazeti linalokwenda. Dasta ikaburuzika kidogo, ikashika, ikaenda pamoja na gazeti. "Basi, Mzee." Akaiinua dasta. Kwenye gazeti palikuwa na mchirizi mweupe wa chaki, urefu wa kidole.

Akasema polepole, kama kawaida yake: "Dasta ilikuwa haina mwendo. Gazeti linakimbia. Haiwezi kuupata mwendo wa gazeti papo hapo, lazima iteleze kwanza. Huo mchirizi ndio kuteleza kwenyewe. Wakati dasta inatafuta mwendo, gazeti limekwenda mara mbili ya ilivyokwenda dasta, na kani ni ile ile. Kwa hiyo kazi uliyofanya wewe, Mzee, ni mara mbili ya iliyoingia kwenye mwendo wa dasta. Na mchanga ni hivyo hivyo. Nusu inakimbia na mchanga, nusu imeachwa hapo kwenye mkanda, imekuwa joto. Mwongozo umehesabu inayokimbia tu."

Mwenyekiti alivuta karatasi akapiga hesabu kwa njia nyingine kabisa: kilo hamsini kila sekunde zinapewa mwendo wa mita mbili, kani hiyo ni nyutoni mia moja, nyutoni mia moja zikisukuma mita mbili kila sekunde, ni wati mia mbili. Akanisogezea niihakiki. Hapakuwa na cha kuhakiki, ni kuzidisha kwa darasa la nne. Akairudia tena peke yake. Akavua miwani. Akasema, "Huo mwongozo niliuandika mimi."

Sasa niulize: ni watu wangapi wenye cheo, mbele ya mtoto na mbele ya mwalimu waliyekuja kumhukumu, wangetamka maneno hayo? Wengi wetu tungesema suala linapelekwa kwa wataalamu, na wataalamu wangelikalia mpaka lipoe. Yeye hakulikalia. Aliurekebisha mwongozo, akarudisha karatasi za shule zote zikasahihishwa upya, shule zenye majina makubwa zikashushwa alama, akasemwa vibaya na waliomzidi cheo, na hakurudi nyuma. Darasa letu likafanya mtihani wa mwisho. Mheshimiwa, nakusifu kwa hilo mbele ya watu, na usidhani najipendekeza. Nami nakaribia kustaafu na huna utakachonipa.

Lakini jibu ulilisahihisha ofisini, Mheshimiwa, na neno ulikuwa umelisema ukumbini. Tangazo la kuwasafisha lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo pale nje, karatasi moja, shule ikiwa imeshafungwa, wazazi hawapo, na mvua ya kwanza ikalichukua. Wazazi walisikia "wizi" kwa kipaza sauti. "Hawakuiba" hawakuisikia kwa sauti ya mtu yeyote. Sisi walimu tulisema, naam, tulisema, lakini mwalimu akimtetea mwanafunzi wake watu husema ni mama kamtetea mwana. Mmoja wa darasa lile, muuguzi sasa, ameniambia kwamba mkwewe bado humwuliza, kwa utani, kama cheti chake ni cha jasho au cha mkato. Anacheka naye. Halafu anakwenda jikoni.

Na Breki je? Alifaulu. Hakufaulu kwa alama za kutisha, alifaulu kwa mwendo wake mwenyewe, na siku hizi ni fundi wa lifti katika hospitali moja kubwa. Alipompelekea baba yake matokeo, baba alisema, "Nimesikia. Waliwahurumia." Kijana akamweleza yote: gazeti, dasta, mchirizi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, kisha akamwuliza, "Kama hamkuiba, mbona hawakurudi kusema pale pale waliposemea?" Kijana akamletea mwalimu wake swali hilo, na mwalimu wake, ambaye sijapata kumwona amekosa jibu, siku hiyo alikosa.

Mzee yule alifariki mwaka juzi. Nisieleweke vibaya, aliishi vizuri na mwanawe, walikula sahani moja, alimpenda, na suruali zote za kazini za fundi wetu wa lifti zilishonwa na baba yake. Lakini alikufa akiamini kwamba mwanawe alipita kwa huruma ya watu. Hilo linaniuma mimi, na linamwuma dada yangu huyu zaidi yangu. Tulikwenda naye mazikoni. Wakati wa kurudi tulitembea mpaka kituo cha basi, na tulipofika akaniambia neno moja tu: "Tumechelewa." Kwa hiyo siku ile aliponiambia zawadi anayoitaka, mwelewe kwamba hakuwa anafanya ukaidi. Alikuwa hataki kumchelewea mwingine.

Leo wakati wa chai nilimnong'oneza Mheshimiwa habari ya zawadi hiyo. Alitia sukari, akakoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji, akasema, "Tutaona." Sikumlaumu. Kulisema neno ofisini mbele ya watu wachache ni jambo moja, na kulisema ukumbini ukiwa Mkurugenzi wa Mitihani, waandishi wa habari wamekaa pale na kalamu zao, ni jambo jingine kabisa. Lakini nauliza tu, kama mwalimu wa hesabu anavyouliza: aliyeliweza lile la kwanza, hili la pili litamshindaje?

Nimalize. Shemeji, tunakushukuru kwa kutuazima mke wako miaka yote hii. Tunamrudisha akiwa mzima, ila ukali hatukuweza kuupunguza. Watoto na wajukuu, mama yenu akiwauliza kitu kimekwenda wapi, msijibu haraka. Wanafunzi, mwalimu mpya atakuja na njia zake, msimsumbue kwa kumwambia "Mama hakufanya hivyo". Lakini kalamu ziwekeni chini kwanza, hilo hakuna atakayewakataza. Na wewe dada yangu, nitakukosa. Sina namna nyingine ya kulisema, nimeitafuta wiki nzima. Asubuhi nitakuwa nafika ofisini, nainua kichwa, na mbele yangu ni ukuta.

Ratiba inasema kwamba baada yangu Mheshimiwa atamkabidhi mstaafu zawadi yake. Mtaona meza ya zawadi ni tupu. Si uzembe wa kamati. Zawadi aliyoiomba haifungwi kwa karatasi, na mwenye kuitoa ni mtu mmoja tu humu ndani.

Naona Mheshimiwa amekwisha kusimama, wala sijamwita.

Basi mimi nakaa. Kwa niaba ya walimu wenzangu nawashukuru nyote mlioacha shughuli zenu mkaja, na asanteni kwa kunisikiliza, hata nilipozidisha dakika. Mheshimiwa, kipaza sauti ni hiki hapa. Mjane wa fundi cherehani amekaa safu ya tatu, mwenye mtandio wa bluu, huyo aliye karibu na mwanawe. Siku hizi hasikii vizuri. Tafadhali sema kwa sauti.